Vijiji vya wavuvi vya Cornwall kwa miguu: anza na maji, ratiba ya basi baadaye

SWALI: Nina siku tano mwishoni mwa Mei, natokea London, sina gari. Nataka kuona vijiji vya zamani vya wavuvi vya Cornwall na kutembea ile njia ya juu ya magenge. Mwaka juzi nilipita Polperro saa saba mchana nikakuta bandari haina maji, mashua zimelala ubavu kwenye tope, watu wamebanana barabarani na aiskrimu mkononi. Nilikaa nusu saa nikaondoka. Nilikosea wapi, na safari hii nipange vipi?

JIBU: Kijiji ulichokwenda ndicho, saa ndiyo iliyokuangusha. Siku za bamvu (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), Polperro saa saba mchana haina maji, na haiwezi kuwa nayo. Kwenye pwani hii, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu na saa moja asubuhi na saa moja jioni, na hupwa kabisa kati ya saa sita na saa nane mchana kwa saa za kiangazi. Siku za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo tu) ni kinyume: hujaa mchana, hupwa asubuhi na jioni. Mpango huo haubadiliki mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo hata kabla hujashika jedwali lolote, kalenda yenye mwezi inatosha kukuambia kama mchana wa safari yako utakuwa wa maji au wa tope. Kumbuka tu kwamba bamvu lenyewe hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, halianguki siku ileile.

Ushauri unaotoka hapo ni huu. Anayekwenda na kurudi siku moja achague maji mafu, apate bandari yenye maji adhuhuri. Anayelala kijijini achague bamvu. Wewe unalala, na mwishoni mwa Mei jua kule huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo maji ya saa moja jioni utayaona kwa mwanga mzuri, wageni wa mchana wakiwa wameshaondoka. Bamvu litakupa pia kitu ambacho maji mafu hayatoi: mchana bandari inakuwa tupu kiasi cha kuona ilivyojengwa. Lile tope ulilolikimbia ndilo lenye habari.

Ukifika maji yamepwa, shuka hadi ukingo wa gati na utazame kuta za mdomo wa bandari. Mousehole, kijiji kilicho karibu na Penzance, utaona mifereji iliyochongwa wima kwenye mawe, mmoja ukielekeana na mwenzake. Humo ndimo yanamotumbukizwa magogo mazito, moja juu ya jingine, kuziba mdomo majira ya dhoruba za baridi. Polperro wanatumia lango kwa kazi hiyohiyo. Tazama pia minyororo iliyolazwa chini kwa ajili ya kufungia mashua, ngazi za chuma zilizoota mwani hadi mahali fulani tu (hapo ndipo maji hufika), na mashua zenyewe: nyingine zina miguu miwili ya kuzishikilia zisilale, nyingine zina matumbo mapana zinakaa wima bila msaada. Namba kwenye ubavu nazo zina lugha yake. Herufi PZ ni Penzance, SS ni St Ives, FY ni Fowey, FH ni Falmouth, PW ni Padstow. Mashua za Polperro, Looe na Mevagissey kwa kawaida zina FY, kwa kuwa uandikishaji ulifanyika bandari ya Fowey.

Sasa jedwali la maji. Watu hukosea mahali pawili. Kwanza, majedwali mengi ya karatasi yameandikwa kwa saa za Greenwich, na kiangazi inabidi uongeze saa moja; soma kichwa cha ukurasa kwanza, kwa kuwa mengine yamekwisha kuongezewa na ukiongeza tena umepotea saa nzima. Pili, watu husoma saa ya kupwa na kuacha urefu wa maji. Bandari ya Newlyn, bamvu hupanda na kushuka kama mita 4.8, maji mafu kama mita 2 tu. Pwani ya kaskazini, upande wa Padstow, bamvu hupita mita 6. Maji hayo hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote kwa 12: saa ya kwanza huja sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 4.8 maana yake saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 40 tu, nawe unadhani una muda. Saa ya tatu yanapanda mita 1.2, na saa ya nne hivyohivyo. Wanaozingirwa na maji chini ya magenge wengi hunaswa hapo katikati, wakiwa wamedanganywa na upole wa mwanzo. Ukitaka kushuka kwenye fukwe zilizo chini ya magenge, ingia maji yakiwa bado yanapwa, na hakikisha umetoka kabla ya kupita saa moja tangu yalipoanza kurudi.

Njia ya juu ni sehemu ya njia ndefu ya pwani ya kusini-magharibi ya England, kilomita 1,014 kutoka Minehead hadi Poole, yenye alama ya tunda la mwaloni kwenye nguzo. Wengi hulalamika kwamba haitulii: unapanda, unashuka hadi usawa wa bahari, unapanda tena, na kila ukitazama ramani unaona ungeweza kupita juu moja kwa moja. Sababu ni ya kihistoria. Njia hii ilikanyagwa na walinzi wa pwani wa karne ya 19, kazi yao kuzuia magendo, na mlinzi wa magendo alitakiwa achungulie kila kihori, yaani kila ghuba ndogo. Kwa hiyo usikadirie muda kwa kilomita. Mtu anayekwenda kilomita 5 kwa saa mjini atakwenda 3 hapa, na 2.5 penye ngazi nyingi. Chukua ramani ya Ordnance Survey ya mfululizo wa Explorer, kipimo cha 1:25,000: karatasi 107 kwa Looe, Polperro na Fowey, 102 kwa Penzance, 103 kwa Lizard. Simu hukosa mtandao kwenye vihori, hasa pale unapouhitaji.

Kwa siku tano bila gari, ningepanga hivi, na ningekataa kabisa kuongeza chochote.

Siku ya kwanza panda treni Paddington hadi Liskeard, kisha badilisha kwa reli ndogo ya Looe. Jukwaa lake liko pembeni, mbali kidogo na majukwaa makuu, na safari ni nusu saa hivi kando ya mto. Lala Looe. Siku ya pili vuka daraja uende Looe ya magharibi, fuata pwani kupitia ghuba ya Talland hadi Polperro: kilomita 8, saa tatu kwa mwendo wa kutazama. Hii ndiyo sehemu rahisi, itakupimia viatu na mgongo. Lala Polperro penyewe, ndani ya kijiji. Hilo ndilo jambo moja nisilokubali ulibadilishe.

Siku ya tatu ni ngumu. Polperro hadi Polruan ni kilomita 11, saa nne hadi tano, na katikati hakuna duka wala bomba la maji. Beba lita 1.5 za maji kwa uchache na chakula cha mchana. Mpando wa kutoka ghuba ya Lantic ndio unaovunja watu, na unakuja mwisho, miguu ikiwa imeshachoka. Ondoka saa mbili asubuhi ili uukute bado una nguvu. Polruan unavuka mto kwa kivuko kidogo cha abiria hadi Fowey, kisha basi hadi stesheni ya Par, kisha treni hadi Penzance. Weka sarafu mfukoni kwa ajili ya kivuko, na usidhani kinakwenda usiku kucha: saa ya mwisho hubadilika kwa majira, iangalie siku iliyotangulia.

Siku ya nne nenda Cadgwith, upande wa rasi ya Lizard. Basi Penzance hadi Helston, jingine Helston hadi Lizard, kisha tembea. Kilomita 6 hivi, ukipita kituo cha mashua ya uokoaji cha Kilcobben, na karibu na mwisho shimo kubwa liitwalo Devil's Frying Pan, ambalo ni pango la bahari lililoanguka paa. Mwamba wa huku ni serpentini, jiwe la kijani na jekundu linalopendeza macho, na ndiyo hatari yake. Vipandio vya kuvukia kuta za mashamba vimetengenezwa kwa jiwe hilohilo, na nyayo za miaka mingi zimevisugua hadi vikawa kama sabuni. Mvua ikiwa imenyesha, shuka kinyumenyume ukiwa umeshika ukuta, usione haya.

Cadgwith haina bandari. Ni ufuko tu kati ya magenge, na mashua huvutwa juu ya changarawe kwa winchi. Bado ni kijiji cha kazi, kwa hiyo simama pembeni ya mstari kati ya winchi na maji, hata kama hakuna mashua inayovutwa wakati huo. Waya uliolegea unaweza kukazwa ghafla, na mwenye winchi huenda hakuoni. Mashua zikirudi utaona dema, mitego ya kaa na kamba, zikishushwa. Za leo ni za chuma na nyavu, zenye vyumba viwili: kaa au kamba koche huingia kwenye chumba cha chambo, akitafuta njia ya kutoka anaingia cha pili na hapo ndipo anapobaki. Za zamani zilisukwa kwa fito, umbo la kibuyu chenye mdomo juu, na kila mvuvi alisuka zake wakati wa baridi. Anayejua dema za fito za kwetu hatahitaji kuelezwa zaidi.

Juu ya genge kuna kibanda kidogo cheusi. Hapo alikaa mtu waliyemwita huer, na hapa ndipo historia ya pwani nzima inapofunguka. Uchumi wa vijiji hivi haukusimama juu ya kaa wala kamba. Ulisimama juu ya sardini, ambao wao waliwaita pilchard, waliokuja pwani kwa makundi makubwa kuanzia mwisho wa kiangazi. Kutoka juu kundi lilionekana kama kivuli chekundu au cha zambarau kwenye maji. Huer akiliona alipiga ukelele wa "hevva", kijiji kizima kikatoka mbio, kisha akaelekeza mashua kwa ishara za mikono, ameshika vichaka vilivyofungwa kitambaa. Mashua kubwa ilizungusha wavu mrefu wa juya, ya pili ikasaidia kufunga ncha, ndogo ya bwana wa kazi ikazuia samaki wasitoroke. Waliopo majini hawakuweza kuona kundi lilipo, aliyeliona alikuwa juu, kwa hiyo kibanda kama hicho hujengwa mahali penye upeo, sio mahali penye hifadhi. Ukikiona kimoja, simama mlangoni pake na utazame chini: utaelewa kwa nini kijiji kimekaa pale kilipokaa.

Samaki wakishatua, kazi ilihamia kwa wanawake, kwenye stoo za chini. Waliwapanga kwenye sakafu, tabaka la samaki na tabaka la chumvi, ukuta mpana ukipanda hadi kifuani, wakaachwa kama mwezi mmoja. Kisha walioshwa, wakapangwa kwenye mapipa, kila pipa likibeba samaki 3,000 hivi, na mapipa yakakandamizwa ili mafuta yatoke. Mafuta yalikwenda kwenye taa. Samaki walikwenda Italia, kuliwa wakati wa Kwaresima. Alama za kazi hiyo bado zimo ukutani, na hii ndiyo sababu ya kutembea vichochoroni polepole. Tafuta nyumba ya mawe ambayo ngazi yake iko nje, na chini ina mlango mpana. Familia iliishi juu, samaki chini. Mlango ukiwa wazi, au pale stoo ilipogeuzwa duka, tazama ukuta wa ndani: utakuta safu ya matundu ya mraba, yote usawa mmoja juu kidogo ya kimo cha pipa. Ncha ya mti mrefu iliingizwa humo, mti ukapita juu ya kifuniko cha pipa, na ncha ya pili ikaning'inizwa jiwe zito. Ni wenzo, hakuna zaidi. Mawe yenyewe, ya graniti yenye kulabu ya chuma juu, leo mara nyingi utayakuta yamesimama mlangoni kama pambo, yamezungukwa na vyungu vya maua, na mwenye nyumba huenda hajui ni ya nini. Sakafu ikiwa bado ya zamani, ina mteremko mdogo na mfereji wa kukusanya mafuta. Polperro, jumba la makumbusho liko kwenye kiwanda cha zamani cha samaki hao. Anza hapo, kisha ukayatafute matundu mitaani mwenyewe.

Siku ya tano amka mapema. Kutoka Penzance hadi Newlyn hadi Mousehole ni kilomita 5 tambarare, mchana utakuwa umerudi kupanda treni. Newlyn haina urembo wa kadi za posta na watalii wengi huipita. Kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote, maana hapa uvuvi haujawa kumbukumbu: ni miongoni mwa bandari kubwa za uvuvi za England, ina kina cha kutosha, na asubuhi utakuta barafu, foklifti za kubebea masanduku na harufu ya dizeli. Usiingie maeneo ya kazi. Simama barabarani, panaonekana vya kutosha. Mwisho wa gati la kusini, karibu na mnara wa taa, pana kituo cha kupimia maji. Wastani wa usawa wa bahari uliopimwa hapo kati ya 1915 na 1921 ndio sifuri ya vimo vyote kwenye ramani za Uingereza bara, pamoja na ile uliyobeba mkobani.

Ukielekea Mousehole utapita kituo cha zamani cha mashua ya uokoaji cha Penlee, chenye bustani ya kumbukumbu. Tarehe 19 Desemba 1981 mashua ya Solomon Browne ilitoka hapo kwenda kuiokoa meli ya Union Star, ikapotea pamoja na wanamaji wake wote 8, na wote 8 waliokuwa melini. Watu wa Mousehole hupunguza taa zao za sikukuu kila mwaka tarehe hiyo. Piga picha bandari ukipenda, bustani iache itulie.

Mousehole penyewe nyumba nyingi unazoziona hazizidi umri fulani, kwa kuwa Wahispania walikichoma kijiji Julai 1595. Nyumba ya Keigwin ndiyo inayotajwa kuwa ilisalia.

Port Isaac najua utauliza. Ni pazuri, lakini liko pwani ya kaskazini, na bila gari linakula siku nzima kwa mabasi. Liache kwa safari nyingine. Atakayekwenda kwa gari asome ubao wa pale ufukweni kabla ya kuegesha: gari likiachwa kwenye mchanga, maji ya bamvu hayamsubiri mwenyewe. St Ives nayo nimeiacha kwa makusudi, imejaa mno wakati huo wa mwaka, na shakwe wake hunyang'anya chakula mdomoni.

Yaliyobaki ni machache. Viatu viwe na soli yenye meno, lakini hakuna soli inayoshika mwani wa kijani, kwa hiyo kwenye miteremko ya kupandishia mashua usivuke mstari wa ukijani. Usikae chini ya genge la sleti kula chakula, hasa baada ya mvua. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma kwa nguvu, tembea upande wa ndani wa njia, au chukua basi siku hiyo. Ukimwona mtu amezingirwa na maji, usishuke kumfuata: piga 999 na uombe walinzi wa pwani, wape jina la kihori kama lilivyo kwenye ramani.

Na Polperro, ile jioni ya siku ya pili, kula mapema. Saa kumi na mbili uwe mwisho wa gati la nje, karibu na lango. Kwa bamvu, saa hiyo mashua za mdomoni zitakuwa zimeshaelea, na za ndani kabisa, nyuma karibu na nyumba, ndizo zitakazokuwa zinaanza kutikisika. Ukiwa na bahati, kabla ya saa moja jioni mashua moja au mbili zitaingia na dema juu ya sitaha.